Miaka minne ya teksi Dar, simu ikizima sijui nilipo: je, ubongo wangu umeharibika?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 33, naendesha teksi mtandao Dar es Salaam, mwaka wa nne sasa. Nilikuja mjini nikitokea Muheza, na toka siku ya kwanza naongozwa na ramani ya simu. Mwezi uliopita nilibeba abiria Kinyerezi usiku, anakwenda Sinza, simu ikazima tukiwa Tabata. Njia hiyo nimeipita si chini ya mara mia. Nilipofika barabara ya Mandela nikashindwa kujua nikate kushoto au kulia. Abiria, mama mtu mzima, ndiye aliyenielekeza mpaka mlangoni kwake. Niliona aibu sana. Kuna sauti inazunguka WhatsApp inasema ramani za simu zinakausha ubongo na mwisho wake ni ugonjwa wa kusahau. Kinachonitisha zaidi, baba yangu ana miaka 68 na mwaka huu amepotea mara mbili akitoka msikitini kurudi nyumbani. Je, mimi nimeanza mapema? Niache kabisa kutumia ramani? Na nikiacha, nitakula nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza mambo mawili ukidhani ni jambo moja, ndiyo maana hofu yako imekuwa kubwa kiasi hiki. Kupotea kwako pale Mandela na kupotea kwa mzee akitoka msikitini havina chanzo kimoja. Baba yako hakupotezwa na simu. Nitaanza na wewe, kisha nitarudi kwa mzee, na hapo kwa mzee naomba usome kwa makini zaidi.

Hiyo sauti ya WhatsApp imechukua kipande cha ukweli ikakitia chumvi nyingi. Kipande chenyewe ni hiki: mwaka 2020 watafiti wawili wa Montreal, Kanada, Louisa Dahmani na Véronique Bohbot, walichapisha matokeo ya kuwapima madereva 50 uwezo wao wa kukumbuka njia na mahali. Waliokuwa wametumia zaidi vifaa vya kuelekeza njia walifanya vibaya zaidi. Madereva 13 kati yao walipimwa tena baada ya miaka mitatu, na walioendelea kuvitegemea sana ndio walioshuka zaidi. Ni jambo la kulifikiria. Lakini watu 13 ni wachache mno kuwajengea hukumu, na kilichopimwa ni ustadi wa kutafuta njia. Ustadi usipotumika hufifia, kama lugha ambayo huna wa kuzungumza naye. Hakuna aliyeonyesha kwamba ubongo ulikauka, wala kwamba ramani ya simu huleta ugonjwa wa kusahau.

Sasa turudi kwenye usiku ule. Unasema umesahau njia uliyoipita mara mia. Mimi nasema hukuisahau, kwa sababu hukuwahi kuijifunza. Nieleze ninamaanisha nini.

Ubongo una namna mbili za kumfikisha mtu aendako. Ya kwanza ni ya mazoea: ukiona sheli kata kushoto, ukifika msikitini nenda moja kwa moja. Ni ya haraka na haichoshi, lakini barabara ikifungwa huna pa kwenda. Ya pili ni picha ya mahali penyewe, kujua kwamba kitu hiki kiko upande gani wa kile, hata kama hujawahi kupita kati yake. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, alieleza jinsi panya waliozibiwa njia waliyoizoea walivyochagua nyingine iliyoelekea upande wenye chakula, akasema lazima wanyama hao wanabeba kitu kama ramani kichwani. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya kazi London, akaeleza chembe za ubongo wa panya zinazowaka panya akiwa mahali fulani tu, akihama zinazima na nyingine zinawaka. Ziko kwenye hipokampasi, sehemu iliyojificha ndani usawa wa sikio, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotusaidia kuweka kumbukumbu za mambo mapya. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, huko Norwei, wakapata chembe nyingine jirani na hapo zinazoligawa eneo kwa vipimo sawa. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Simu haikupi namna yoyote kati ya hizo mbili. Hata mazoea huyapati. Dereva wa mazoea ameifunga kona na sheli. Wewe umeifunga kona na sauti ya yule dada anayesema "baada ya mita mia mbili, pinda kushoto". Sheli ilikuwepo usiku ule, ilikuwepo mara zote mia, lakini hukuwa na haja nayo. Sauti ilipokatika hakikubaki kitu cha kushika.

Hata ndani ya ubongo jambo hili limeonekana. Mwaka 2017 Hugo Spiers na wenzake wa London walitoa matokeo ya watu 24 waliojifunza mitaa ya Soho, kisha wakalazwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wakisafiri katika mitaa hiyo kwa filamu. Walipotafuta njia wenyewe, hipokampasi iliamka kila walipoingia mtaa mpya, na iliamka zaidi mtaa ulipokuwa na njia nyingi za kuchagua. Walipokuwa wanaelekezwa, hapakuwa na mwamko huo. Ramani ya kichwani hujengwa kwenye njia panda, pale unapolazimika kuamua. Kupita hakutoshi. Abiria wa daladala anayesinzia kutoka Gongo la Mboto hadi Posta kila siku kwa miaka kumi amepita sana, na bado huenda hajui Buguruni iko upande gani wa TAZARA.

Yako mambo mengine matatu ambayo simu hufanya, na kwako ingekuwa vigumu kuyaona kwa sababu umeanza nayo. Inakuonyesha jiji kupitia kidirisha cha mita chache mbele yako. Inaizungusha ramani kila ukigeuka, hivyo juu ya kioo leo ni baharini, kesho ni Kimara. Na kwa sababu ya foleni inakupitisha njia tofauti kila safari, leo kwa barabara kubwa, kesho kwa njia za panya, kwa hiyo vipande unavyovipata havishikamani. Huko Japani, Toru Ishikawa na wenzake waliwalinganisha watu waliotembea mji wasioujua: wengine na kifaa cha setilaiti, wengine na ramani ya karatasi, wengine baada ya kuonyeshwa njia na mtu. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Wenye kifaa walitembea umbali mrefu zaidi, walisimamasimama zaidi, na walipoambiwa wachore walikopita michoro yao ilikuwa dhaifu kuliko ya walioonyeshwa njia.

Huenda unajiambia labda ulizaliwa huna dira. Sidhani. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya mchezo wa simu uliopima uwezo wa kutafuta njia kwa watu karibu 400,000 katika nchi 38. Kwa wastani, waliokulia nje ya miji walifanya vizuri zaidi, na miongoni mwa watu wa mjini waliopungukiwa zaidi ni waliokulia kwenye miji yenye mitaa iliyonyooka, mfano Chicago. Hilo nililisoma nikajikuta natikisa kichwa. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari na inakwenda kwa namba, barabara ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Nilipofika Dar kusoma, Magomeni ilinichanganya kwa miezi. Wewe uliyekua ukikata mashamba ya michungwa Muheza bila kibao hata kimoja ulianza na mtaji mkubwa kuliko wangu.

Basi tuijenge hiyo picha sasa hivi. Kaa mezani, bahari iwe mkono wako wa kulia, hapo unaangalia kaskazini. Laza kiganja cha kulia juu ya meza, kifundo kielekee baharini na vidole vielekee kushoto, uvitanue. Kifundo ndiyo Posta na Kariakoo. Kidole cha mwisho, kilicho mbali nawe, ni barabara ya Bagamoyo. Kidole cha pete ni Morogoro. Cha kati ni Nyerere, ile ya uwanja wa ndege. Cha shahada ni Kilwa, ya kwenda Mbagala. Sasa chukua uzi uvifunge vidole hivyo vinne kwa katikati. Uzi huo ni Mandela: unaanzia Kilwa karibu na bandari, unakata Nyerere pale TAZARA, unapita Buguruni na Tabata, unakata Morogoro pale Ubungo, hapo unabadilika jina unakuwa Sam Nujoma, na unaikuta Bagamoyo pale Mwenge. Kidole gumba kiache kipumzike.

Itazame sasa safari yako. Kinyerezi na Tabata viko kati ya kidole cha kati na cha pete, upande wa nje wa uzi. Sinza iko kati ya cha pete na cha mwisho, upande wa ndani. Ukitoka Tabata ukaugusa uzi, ukikata kulia unarudi Buguruni, ukikata kushoto unapanda Ubungo, kisha Shekilango, kisha Sinza. Mtu mwenye mkono huo kichwani anaweza asijue jina la mtaa hata mmoja, na bado usiku ule angekata kushoto.

Hiyo ni mifupa. Nyama yake ni majina ya vituo, na hapa naomba univumilie kwa sababu jambo hili nalipenda. Kevin Lynch, Mmarekani aliyechunguza jinsi watu wa Boston, Jersey City na Los Angeles wanavyoipiga picha miji yao vichwani, aliandika mwaka 1960 kwamba watu huijenga picha hiyo kwa njia wanazopita, kingo zinazowazuia, maeneo yenye sura yake, makutano, na alama. Watu wa Dar wameyageuza hayo kuwa usemi wa kila siku. Urafiki, Tiptop, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Mapipa, Jangwani, Fire: huo ni mstari wa kidole cha pete ukiingia mjini, kondakta yeyote wa zamani anautaja bila kuvuta pumzi. Sinza peke yake ina Kumekucha, Kijiweni, Mori, Afrika Sana. Ubungo imebaki Mataa midomoni mwa watu hata baada ya daraja la Kijazi kufunguliwa mwaka 2021. Bonde la Msimbazi ni ukingo ambao mvua ikinyesha kila dereva anaukumbuka.

Abiria akikupigia akasema "niko Kumekucha, ukivuka kituo ingia kona ya pili," anakupa kipande cha ramani ambacho yeye alipewa na mwingine. Wewe, kama madereva wengi wa rika lako, unamjibu "nitumie lokesheni". Lokesheni ni sahihi kwa mita, lakini haina jirani. Haikwambii kilicho kabla wala kilicho baada. Kwa miaka minne umekuwa ukipokea nukta, ilhali abiria wako walikuwa tayari kukupa mtaa mzima.

Tena usidhani ramani ya simu ndiyo jiji lenyewe. Ilichorwa na watu, na watu huacha vitu nje. Kibera, Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hadi vijana wa hapo hapo walipoanza kuichora mwaka 2009. Kwetu, Tandale ilichorwa mwaka 2011 kwa kuwashirikisha wakazi wenyewe, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatembea mtaa kwa mtaa kwenye maeneo yanayofurika. Vichochoro vingi unavyoviona leo kwenye simu vipo kwa sababu mtu alivitembelea kwa miguu akamuuliza mjumbe majina yake.

Unaweza kuniuliza, je, wale wazee wa teksi wa kijiweni wana ubongo tofauti? Kwa kiasi fulani ndiyo, na waliupata kazini. Teksi nyeusi za London huendeshwa na waliofaulu mtihani wa kukariri takriban mitaa 25,000 kuzunguka Charing Cross, katikati ya jiji hilo, na maandalizi huchukua miaka mitatu hadi minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire alionyesha kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett walitoa matokeo ya wanafunzi 79 wa mtihani huo waliowafuatilia kwa miaka: 39 walifaulu, na ni hao waliofaulu tu ambao sehemu hiyo iliongezeka. Wote walianza sawa. Lakini walilipa gharama pia, maana waliofaulu walikuwa wazito kidogo kwenye kipimo kingine cha kukumbuka michoro. Ubongo haupokei mzigo bure.

Mwishoni mwa 2024 kuna utafiti wa Marekani uliopitia vyeti vya vifo vya watu karibu milioni 9, ukakuta madereva wa teksi na wa magari ya wagonjwa ndio waliokuwa na sehemu ndogo kabisa ya vifo vya Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau, kuliko kazi nyingine zote zilizoangaliwa. Madereva wa mabasi, wenye njia ile ile kila siku, hawakuwa hivyo. Najua utaufurahia, nami nimeupenda, ila usiuchukue kama kinga. Inawezekana watu wenye kumbukumbu nzuri ndio wanaodumu katika kazi hizo.

Je, uache simu? Hapana. Simu inajua ajali iliyotokea Ubungo kabla yako. Usiku, mtaa usioujua, na abiria usiyemjua, simu ni usalama wako na wake. Nauli yako nayo imefungwa na njia hiyo. Kuacha ghafla ni kujitia hasara na kuwachosha abiria. Nataka ubadilishe wakati wa kuitumia. Kabla ya kuondoka ibane ramani kwa vidole uione safari nzima, kisha itaje kwa mdomo, kwa sauti: "Segerea, Tabata, Mandela kushoto, Ubungo, Shekilango, Sinza." Gusa alama ya dira ili kaskazini ikae juu daima, siku za kwanza utakereka, vumilia. Kwenye njia unazozijua nyamazisha sauti, na ukirudi mtupu izime kabisa, maana hapo hata ukipotea hakuna anayekuchelewea. Muulize abiria kituo kabla ya lokesheni. Na Jumapili usiku chora kwenye karatasi ulikopita wiki hiyo, bila kuchungulia simu. Mchoro wa kwanza utakuwa na matundu makubwa, na matundu hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kupita wiki ijayo. Ipe kazi hiyo miezi kadhaa.

Kitu kingine, usingizi. Hukuniambia unalala kwa saa ngapi kwa siku, lakini nawajua madereva. Kumbukumbu ya njia huimarishwa ukiwa umelala, na mtu anayelala kwa muda wa saa nne tu kwa siku anajaza maji kwenye pakacha. Na chaja ya gari, tafadhali.

Wewe mwenyewe ungenipa wasiwasi kama ungesema unapotea kutoka kwako hadi dukani, au unasahau mazungumzo ya jana, au haya yalianza baada ya kuanguka na pikipiki na kugonga kichwa, au unapata kifafa, au kichwa kinakuuma kwa namna mpya. Likiwepo lolote kati ya hayo nenda hospitali uonwe uso kwa uso. Wapo pia watu wachache ambao toka utotoni hawawezi kabisa kujenga picha ya mahali, hata nyumbani kwao. Wanasaidika kwa kupimwa na kufundishwa mbinu. Kwa ulivyojieleza, humo simo ninamokuweka.

Sasa mzee. Mtu wa miaka 68 kupotea kwenye njia aliyoitembea miaka mingi si uzee tu, wala si jambo la kusubiri. Huweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Lakini kuna mengine yanayofanana nao na yanatibika au kupunguzika: tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi, dawa zinazogongana, sukari au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kiharusi kidogo kilichopita bila kutambuliwa, hata macho yenye mtoto wa jicho. Hakuna anayeweza kuyatenganisha hayo kwa maandishi. Muheza si mbali na Tanga mjini, mpelekeni hospitali ya Bombo, na wakiona haja watamwandikia rufaa Muhimbili.

Aende na mtu anayeishi naye kila siku, kwa sababu yeye mwenyewe huenda asikumbuke au akaona haya kusema. Andikeni tarehe za hizo siku mbili alizopotea, alikuwa anatoka sala ipi, alipatikana wapi, alisema nini alipopatikana. Dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji, zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo. Kama alichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, au mdomo umepinda, au mkono umelegea, hapo hamngoji miadi, mnakwenda siku hiyo hiyo. Kwa sasa asizuiwe kwenda msikitini. Mjukuu amsindikize, na imamu aambiwe. Awe na karatasi mfukoni yenye jina lake na namba yako ya simu.